Bastola za Zawadi na Majina Yasiyoandikwa

Hakuna jamii ya binadamu isiyokuwa na desturi ya kupeana zawadi. Mgeni afikapo huchinjiwa kuku au mbuzi. Posa hufuatana na kilemba na mkaja. Na watawala wa zamani walipokutana walibadilishana nguo, ng'ombe na silaha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwa maneno hayo machache walieleza jambo ambalo wataalamu wa elimu ya jamii wameliandikia vitabu vizima, yaani kwamba zawadi hujenga uhusiano, na kwamba anayepokea hubaki na deni hata kama hakuna aliyelitaja. Katika insha hii tunakusudia kuzungumzia aina moja ya zawadi ambayo huenda ikadhaniwa kuwa iko mbali sana na utamaduni wetu, nayo ni bastola zilizotiwa nakshi na kutolewa kwa heshima katika karne ya kumi na tisa. Tutaanzia Marekani, zilikotengenezwa nyingi kati yake, kisha tutaifuata njia iliyoziunganisha na pwani yetu na bara yetu. Shabaha yetu ni kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi namna ya kukisoma kitu cha kale, kwa kuyasoma yaliyoandikwa juu yake pamoja na yale yaliyoachwa bila kuandikwa.

Kwa muda wa miaka mingi sisi tumekuwa wakusanyaji wa bastola hizo, ingawa hatuna hata moja. Sheria za nchi yetu hazimruhusu mtu kumiliki silaha bila kibali. Na hata kama zingemruhusu, mshahara wa mwalimu usingetosha. Tulichokusanya ni picha, orodha za minada, vitabu na maelezo yaliyochapishwa na makumbusho, tukavipanga katika majalada ambayo sasa yamejaza kabati moja. Wenzetu wametuuliza mara nyingi ni kwa nini mtu aliyetumia maisha yake kufundisha historia avutwe na vyombo vya kuulia. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa kueleza tulichojifunza katika majalada hayo.

Kwanza yafaa tukifahamu chombo chenyewe. Kabla ya karne ya kumi na tisa kuendelea sana, bunduki nyingi zilikuwa za aina ya gobori: baruti na risasi vilishindiliwa mdomoni, mtu akafyatua mara moja, kisha akaanza upya. Tarehe 25 Februari 1836, Samuel Colt, kijana wa miaka 21 aliyezaliwa Hartford katika jimbo la Connecticut, alipewa na serikali ya Marekani hati ya kulinda ubunifu wake. Bastola yake ilikuwa na silinda yenye matundu kadhaa. Kila tundu lilijazwa baruti na risasi, na kwa nyuma likavishwa fataki. Mtambo ulipovutwa nyuma, silinda ilizunguka na kuleta tundu jipya mbele ya mtutu. Hivyo mtu mmoja aliweza kufyatua mara tano bila kujaza upya. Kampuni yake ya kwanza, iliyokuwa katika mji wa Paterson, ilifilisika mwaka 1842. Lakini mwaka 1847, wakati wa vita kati ya Marekani na Meksiko, serikali ya Marekani iliagiza bastola 1,000, na biashara ya Colt ikafufuka.

Bastola za kawaida zilitoka kiwandani zikiwa hazina mapambo mengi. Zile za zawadi zilipelekwa kwanza kwa fundi wa nakshi. Fundi huyo alichora umbo juu ya chuma, kisha akalikata kwa tindo ndogo na nyundo, mstari kwa mstari, mpaka majani na mizabibu ikatambaa juu ya chuma chote. Alipotaka kutia dhahabu, alichimba mfereji mwembamba ambao chini ni mpana kuliko juu, akalaza uzi wa dhahabu humo na kuugonga mpaka ukashikwa na chuma usiweze kutoka. Mafundi wetu wa milango ya Unguja na Lamu, ambao hukata nakshi katika mbao, wangeitambua kazi hiyo mara moja: subira ni ileile, na kosa la mkono mmoja halifutiki. Baada ya nakshi, chuma kilitiwa rangi ya buluu kwa moto, mpini ukawekwa, na bastola ikalazwa ndani ya kasha lililotandikwa mahameli. Mahali palipo wazi kwa macho pakaandikwa jina la aliyepewa, na aghalabu jina la aliyetoa.

Baadhi ya mafundi hao twawafahamu. Gustave Young, mzaliwa wa Prussia, alimfanyia kazi Colt huko Hartford kabla ya kuhamia kwa watengenezaji wengine wa bastola. L. D. Nimschke, ambaye naye alitoka Ujerumani, alifanya kazi New York kwa takriban miaka hamsini. Nimschke alikuwa na desturi moja njema: kila alipomaliza kipande cha nakshi alichokipenda, alikipaka wino na kukigandamiza karatasi juu yake, kisha akaibandika karatasi ile katika daftari. Daftari hilo lilihifadhiwa, na mwaka 1965 likachapishwa kuwa kitabu. Kwa sababu ya daftari hilo, kazi nyingi ambazo zingekuwa za fundi asiyejulikana leo zatajwa kwa jina lake. Twawaomba wasomaji walikumbuke daftari hilo, maana tutalirudia.

Colt hakutoa zawadi kwa ukarimu mtupu. Aliwapa bastola zenye nakshi maofisa wa jeshi, wanasiasa na wafalme, kwa matumaini kwamba mkono uliopokea bastola moja utatia sahihi hati ya kununua elfu. Mwaka 1854 alifika mbele ya Tsar Nicholas wa Kwanza wa Urusi akiwa na bastola zilizotiwa dhahabu. Moja ya hizo imo katika makumbusho ya Hermitage huko St Petersburg, na mwenzake imo katika makumbusho ya Metropolitan huko New York. Wakati huohuo Urusi ilikuwa vitani na Uingereza, Ufaransa na Dola ya Uthmaniya, na kiwanda cha Colt kilichokuwa London kiliwatengenezea Waingereza bastola za kupigania vita hivyohivyo. Mwaka huohuo wa 1854, kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza tuhuma kwamba watu wa Colt walikuwa wakigawa bastola nzuri kwa wabunge na jamaa zao, ili muda wa hati yake ya ubunifu urefushwe. Hapa twaona kwamba mpaka kati ya zawadi na rushwa haumo katika kitu kinachotolewa, kwani bastola ni ileile na nakshi ni zilezile. Mpaka umo katika deni linalokusudiwa.

Leo vitu hivyo hutafutwa sana na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilizitenga silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, ikazihesabu kuwa vitu vya kale. Kwa hiyo biashara yake imekuwa nyepesi kuliko ya silaha za sasa. Mkusanyaji hodari huanza kwa kutazama hali ya chuma. Hulinganisha namba zilizopigwa juu ya mtutu, kiunzi na silinda, aone kama ni za bastola moja. Huchunguza kama kingo za nakshi ni kali au zimelika, na kama maandishi yalikatwa wakati mmoja na nakshi au yaliongezwa baadaye na mlaghai. Udanganyifu wa namna hiyo ni mwingi, kwa kuwa bastola ya kawaida huweza kupanda bei mara nyingi ikiandikwa jina la mtu mashuhuri. Hatimaye mkusanyaji hudai ushahidi wa maandishi: daftari la kiwanda, barua ya shukrani, au habari ya gazeti la siku zile. Kwa hakika, kinachonunuliwa kwa bei kubwa ni habari kuliko chuma.

Mfano mmoja watosha. Mwezi Mei 2022 ziliuzwa mnadani bastola mbili za kampuni ya Remington zilizokuwa za Jenerali Ulysses S. Grant, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Alizawadiwa na wafanyabiashara wa pamba baada ya jeshi lake kuuteka mji wa Vicksburg mwaka 1863. Nakshi zake zahesabiwa kuwa za Nimschke, na mipini yake ni ya pembe za ndovu iliyochongwa sura ya Grant mwenyewe. Zilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 5 za Marekani.

Tulipoipata picha ya bastola hizo tuliipeleka darasani, tukawapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kuorodhesha kila jina linalohusika nayo. Walitaja mtengenezaji, fundi wa nakshi, waliotoa na aliyepewa. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma aliponyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, na aliyeibeba hii pembe, jina lake limeandikwa wapi?" Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza. Nasi hatukuwa na jibu jingine ila kwamba halikuandikwa popote.

Swali hilo ndilo lililoyageuza majalada yetu kuwa somo. Bastola za Colt zilitengenezwa Hartford, kando ya mto Connecticut. Katika bonde la chini la mto huohuo viko vijiji vya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilikata pembe za ndovu kwa ajili ya vitana na hasa vibonyezo vya piano. Hata jina la Ivoryton maana yake ni mji wa pembe za ndovu. Pembe nyingi zilizofika huko katika karne ya kumi na tisa zilipitia Unguja. Wafanyabiashara wa Salem na miji mingine ya Marekani walileta vitambaa, ambavyo mpaka leo twaviita merekani, wakaondoka na pembe, sandarusi na karafuu. Pembe zenyewe zilitoka mbali, Unyamwezi, Manyema na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zilishuka pwani mabegani mwa watu, mtu mmoja akichukua takriban frasila mbili, kwa miezi mingi ya njia ya miguu. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi waliosifika kwa kazi hiyo. Wengine walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka kumi baada ya Vicksburg kutekwa.

Hatusemi kwamba pembe ya mpini wa Grant ilitoka Tabora. Mpini hauna alama ya kuonyesha tembo aliangukia wapi, na jambo hilo ndilo tunalotaka lionekane. Chuma kimeandikwa kila mahali. Pembe imechongwa sura ya jemadari aliyepigana na majimbo yaliyotetea utumwa. Lakini upande wa mtu aliyeisafirisha pembe ni mweupe.

Pwani yetu yenyewe ilihusika na zawadi hizi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1833, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1835 mjumbe Edmund Roberts alipourudisha mkataba uliothibitishwa, alileta zawadi, miongoni mwake upanga, bunduki, taa za kioo, ramani na bendera ya Marekani. Mwaka 1840 Seyyid Said aliipeleka merikebu yake Sultana mpaka New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Ilimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia, shali na manukato. Katiba ya Marekani humkataza Rais kupokea zawadi ya mtawala wa kigeni bila idhini ya Bunge. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba zawadi hizo ziwe mali ya taifa. Merikebu iliporejea ilichukua zawadi za serikali ya Marekani kwa Seyyid, na miongoni mwake zilikuwamo silaha za Colt za kufyatua mara kadhaa. Zilikuwa za kampuni ya Paterson, iliyobakiwa na miaka miwili tu ya uhai. Basi silaha za Colt zilitolewa kwa mtawala wa Unguja miaka kumi na minne kabla bastola za dhahabu hazijafika kwa Tsar.

Kutoka pwani silaha za zawadi ziliingia bara. Mwezi Februari 1862, John Hanning Speke alimpelekea Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda zawadi zilizokuwamo bunduki kadhaa na bastola moja. Habari yake aliiandika mwenyewe katika kitabu kilichotolewa mwaka 1863. Anasimulia kwamba Kabaka alimtaka awapige ng'ombe wanne waliokuwa uani, naye akawaua kwa bastola ileile aliyoitoa zawadi, na watu wakashangilia. Kisha Kabaka akaijaza kwa mkono wake moja ya bunduki alizopewa, akampa kijana mtumishi, akamwamuru atoke nje akampige mtu. Kijana akatoka, mlio ukasikika, akarudi mwenye furaha. Speke anaongeza kwamba hakusikia aliyeuawa alikuwa nani, wala hakuona mtu mwenye hamu ya kujua.

Habari hiyo yapasa isomwe kwa uangalifu. Msimulizi alikuwa mgeni mwenye dharau zake, na aliwaandikia wasomaji wa Uingereza waliopenda kusikia ukatili wa wafalme wa Afrika. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeileta bunduki, naye ndiye aliyeanza kuonyesha kazi ya bastola siku ile. Jina la mtoaji twalijua, la mpokeaji twalijua, hata aina za silaha zimeorodheshwa. Aliyetumwa na aliyeuawa hawana majina. Miaka kumi na minne baadaye, Aprili 1876, Mtemi Mirambo alipofanya undugu wa damu na Henry Morton Stanley, alipewa bastola na risasi zake. Majina ya ndugu hao wawili yamo katika kila kitabu cha historia ya Unyamwezi. Ya walioumizwa na bastola za namna hiyo hayamo.

Je, sisi tusiokuwa na daftari la Nimschke tulihifadhi vipi habari za vitu vyetu? Miaka kadhaa iliyopita tulikaribishwa na mzee mmoja katika mkoa wa Tabora, aliyekuwa na gobori lenye kitako kilichopambwa kwa misumari midogo ya shaba. Halikuwa na neno hata moja lililoandikwa. Tulipomwamkia na kumwomba atueleze habari zake, alivuta kigoda, akaanza kutaja. Alimtaja baba wa babu yake, aliyechukua pembe mpaka Bagamoyo na kurudi na gobori hilo kuwa ujira wake. Alimtaja fundi aliyepigilia misumari, na idadi ya misumari, na kwa nini mmoja haupo. Akawataja waliolirithi, kila mmoja na mnyama aliyemwua. Maandishi ya gobori lile yalikuwa kinywani mwa mzee, yamepangika kama yaliyo juu ya chuma cha Hartford, na jina la mbeba pembe lilikuwa la kwanza.

Tuliyaandika yote usiku uleule. Miaka miwili baadaye mzee alifariki dunia. Wanawe, kama sheria inavyotaka, walilisalimisha gobori kwa wenye mamlaka, na walipoulizwa lilikuwa la nani, walijibu, "La marehemu baba." Hawakusema uongo. Lakini majina manne yaliyotangulia yalikuwa yamekwisha kutoka vinywani mwa watu, yakabaki katika daftari letu la shule.

Hilo ndilo jibu letu kwa wenzetu wanaotuuliza. Hatuzitukuzi bastola, na hatuwataki vijana wazitukuze. Tunawataka wajifunze kwa mkusanyaji hodari ile bidii yake ya kudai ushahidi, kisha waende mbele zaidi yake. Yeye huuliza: nani alitengeneza, nani alitoa, nani alipewa? Mwanafunzi wetu aongeze: malighafi yake ilitoka kwa nani, nani aliibeba, na nani aliumizwa kwacho? Maswali hayo yanafaa kwa bastola ya dhahabu iliyo New York, kama yanavyofaa kwa mlango wa nakshi wa Unguja, ngoma ya jando, jembe la Mfipa au kikapu cha bibi kilicho jikoni.

Kwa mwalimu kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji daftari moja, kalamu, na ruhusa ya wazee. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja cha kale nyumbani kwao, amwendee aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo, aandike majina yote atakayotajiwa, pamoja na ya wale waliobeba. Na asingoje likizo ijayo, maana wazee hawatungoji.